Fundo Ndani ya Uvimbe wa Mama

Kolwezi, Jumapili, tarehe 8 Juni

Tata, baba yangu mpendwa,

Niliahidi kukueleza yote: uvimbe wa Mama umepungua! Daktari alisema dawa inayodondoka mshipani ina madini ya platini, nayo hufunga pamoja nyuzi mbili za urithi ndani ya seli. Seli ya saratani ikitaka kujigawa, nyuzi haziachani, inakufa. Seli nzuri nazo huumia, ndiyo maana Mama alitapika sana.

Mjomba, mchimbaji wa madini mtaani Kasulo, akacheka: “Ni kamba zetu za shimo! Ukizifunga pamoja, hakuna mutu anashuka.”

“Basi ikufe,” Mama akasema. “Mi niko na njala.”

Akamaliza bukari yote, ugali wetu wa mahindi, hakutapika!

Tunakukumbatia wewe na wadogo. Mama anauliza: kuku wake mwekundu yupo huko Sandoa, ao mulishamukula?