Mama Hakunyimwa Sindano

Nyuma ya Stesheni ya Reli,
Malaba,
Kaunti ya Busia.
16 Machi 2025

Mpendwa kaka Chrispine,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kutoka nyumbani Matayos. U hali gani huko Muscat? Geoffrey mwenzako, aliyekuja huku likizo, ameniambia kazi ya bohari imekuwa nzito tangu Ramadhani ianze, na kwamba goti lako la kushoto linakusumbua ukipanda ngazi. Tafadhali ulipumzishe kila unapopata nafasi. Nakujua, wewe ni mtu wa kusema "niko sawa" hata ukiwa umelala chini.

Sisi huku tu wazima wa mwili. Mvua imeanza mapema. Baba yako, Mzee Zephaniah, amekwisha kupanda mahindi upande wa chini, ingawa anachoka haraka siku hizi. Anapanda mistari miwili kisha anakaa. Hapa Malaba foleni ya malori juzi ilipita Amagoro, na madereva wengine wamekaa siku nne wakipikia chini ya magari yao.

Kaburi la Mama limejengewa simenti na halikupasuka kwa mvua. Blanketi la kijani ulilomtumia tulimzika nalo, kama ulivyotaka.

Kaka, ninakuandikia kwenye karatasi kwa sababu kwa simu nimeshindwa. Mara nne nimekurekodia sauti na mara nne nimeifuta kabla ya kutuma. Geoffrey anarudi huko Alhamisi na ameahidi kukupa bahasha hii mkononi. Uisome ukiwa umekaa, na uisome mpaka mwisho hata kama utatamani kuichana.

Najua umeambiwa kwamba mke wako alimwacha Mama bila kumdunga dawa ya sukari. Najua ndiyo sababu hupokei simu za Naliaka tangu Krismasi, na ndiyo sababu ulimtumia ujumbe kwamba arudi kwao. Si kweli. Mama hakunyimwa sindano. Aliacha mwenyewe kudungwa, na aliacha kwa sababu yangu mimi.

Wacha nikueleze tangu mwanzo. Unakumbuka nilipomaliza chuo nilikaa nyumbani miaka miwili nikituma barua za kuomba kazi, mpaka karani wa posta akalijua jina langu. Ndipo nikakodi kibanda hapa Malaba, kompyuta mbili, nikawa nawajazia madereva na mawakala wa mizigo fomu zao. Jirani yangu wa kibanda ni Hillary, fundi wa simu. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba mtu anaweza kujenga tovuti yake ndogo, akaweka makala, na matangazo ya biashara yakapachikwa pembeni. Wasomaji wakiingia kwa wingi, mwenye tovuti analipwa.

Tovuti yangu ya kwanza ilikuwa safi. Kila asubuhi nilitembea kando ya malori nikiuliza foleni imesimama tangu saa ngapi, gesti gani ina maji, shilingi ya Uganda inabadilishwa vipi leo. Kisha narudi kuandika. Dereva mmoja wa Tororo, Emorut, alikuwa akinisubiri na chai ili anipe habari za ng'ambo. Niliipenda kazi ile. Lakini wasomaji walikuwa madereva wale wale wachache, na miezi saba ikapita bila malipo hata ya kutosha bando.

Hillary akaniambia shida si uandishi wangu. Watu, alisema, hawaamki wakitafuta habari za foleni. Wanatafuta mapenzi na magonjwa. Nikachagua magonjwa, nikidhani ndiyo yenye heshima.

Nikajenga tovuti ya pili, ya tiba za nyumbani. Sikujua lolote kuhusu tiba. Nilichukua maneno huku na kule, nikayapindua yasifanane na ya wenyewe, siku nyingine nikaiachia kompyuta initungie, halafu nikatafuta kichwa cha kumfanya mtu asipite. Kilichonipa wasomaji kuliko vyote kilikuwa hiki: "Mama wa Busia atupa sindano za sukari baada ya kunywa majani haya siku tisa." Majani yenyewe niliandika ni ya mpera na mwarobaini. Picha ya mama anayetabasamu niliiokota mtandaoni. Sijui ni nani wala kama yu hai. Huyo mama wa Busia hakuwahi kuwapo.

Kuandika peke yake hakutoshi, lazima usambaze. Niliituma kwenye makundi ya WhatsApp ya kanisa, ya akina mama wa chama, ya tuliosoma nao, ya wafanyabiashara wa Busia na Tororo. Chini yake niliandika, "Mtumie unayempenda." Watu wakawatumia wanaowapenda. Pesa zikaanza kuja. Lile tangi la maji uliloliona kwenye picha, na godoro jipya la Mama, vilitoka humo. Mama alijivuna nami sana. Sokoni Matayos aliwaambia wauza omena wenzake kwamba msichana wake anaandika mambo ya dawa na yanasomwa mpaka Uganda. Aliposema "msichana wangu" hakuna aliyekumbuka kwamba mimi ni mtoto wa dada yake. Hata mimi nilikuwa nimesahau.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Jumanne, mwisho wa Novemba. Mtandao ulikuwa umepotea tangu asubuhi na ulikuwa umetoka tu kurudi, kibanda kimejaa, kila mtu anataka fomu yake itangulie. Mama akapiga simu. Aliuliza kama nimekula na kama kikohozi kimeniacha. Kisha akasema, "Nanjala, haya majani umeandika. Ni ukweli?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu, hapana. Lakini wateja walikuwa wananisikia, Hillary alikuwa amesimama mlangoni, na niliona aibu kumwambia Mama kwamba kitu anachojivunia sokoni ni uongo. Nilidhani anatafuta jibu la kuwapa wenzake. Nikasema, "Ni ukweli, Mama."

"Na huyo mama aliyepona ni wa wapi?"

"Wa Nambale," nikasema.

Akacheka kwa furaha, akasema basi ni jirani, akanibariki, akakata simu. Mimi nikarudi kwa wateja. Sikulifikiria tena jambo hilo.

Mama alikuwa amechoshwa na sindano, kaka. Una miaka mitatu huko. Hukuona mapaja yake yalivyokuwa magumu kwa kudungwa asubuhi na jioni. Naliaka ndiye aliyemdunga. Ndiye aliyezihifadhi chupa za dawa kwenye chungu chenye mchanga wenye maji ili zisiharibiwe na joto, na ndiye aliyekwenda kliniki kuzichukua, Sharlyne wenu akiwa shuleni. Jioni ile Mama alikataa kudungwa. Naliaka akamsihi, akamkumbusha kwamba daktari alikataza kuruka hata siku moja. Mama akamjibu, "Nanjala ndiye ameandika, na nimemuuliza kwa mdomo wangu mwenyewe." Mzee naye alijaribu, akaambiwa aachane na mambo asiyoyasoma.

Mkeo angefanya nini zaidi? Mimi ndiye msomi wa boma. Siku ya tatu alinipigia mara mbili. Niliona jina lake kwenye simu nikaiacha ilie, nikidhani ni mambo ya kawaida ya nyumbani ambayo yangengoja.

Siku ya tano Mama alianza kunywa maji asikate kiu. Siku ya saba akatapika, akawa anapumua kwa nguvu kama mtu aliyetoka kukimbia. Naliaka hakungoja ruhusa ya mtu. Alimwita jirani yetu Oundo na pikipiki yake, akamkalisha Mama katikati, akamfunga kwa leso na mwili wake mwenyewe asianguke, wakaenda hospitali hivyo.

Nilifika mchana na kumkuta bado ana fahamu kidogo. Aliniona, akasema polepole, "Zimebaki siku mbili."

Alikuwa anahesabu zile siku tisa zangu.

Alifariki kesho yake saa nne asubuhi. Daktari alituuliza ni nani aliyemwambia aache dawa. Naliaka aliniangalia. Mimi nikaangalia sakafu. Daktari akaandika alichoandika, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Yaliyofuata uliyasikia, lakini uliyasikia upande mmoja. Kwenye matanga shangazi Rispa alipokuwa akisafisha chumba cha Mama alikiona kile chungu, na ndani chupa tatu za dawa ambazo hazijafunguliwa. Akazitoa nje mbele ya wanawake na kuuliza dawa hizi zilikuwa zinamngoja nani. Naliaka alikuwa anasugua sufuria. Akasema, "Mama alikataa." Shangazi akamjibu kwamba marehemu hawezi kuitwa kutoa ushahidi, ndiyo maana watu humsingizia. Mimi nilikuwa nimeshika beseni la mchele hatua nne kutoka pale. Nilipeleka mchele jikoni.

Naliaka alinifuata huko akaniomba niseme mwenyewe. Nikamwambia anipe muda tumzike Mama kwanza, na nikamwahidi. Yeye akaninyamazia, kwa heshima ya msiba. Mazishi yakaisha, Krismasi ikapita, na mimi nikawa nikimwona kwenye njia ya soko nageuza njia. Wakati huo wote wewe ulikuwa umekwisha kumhukumu, na mimi nilijua.

Kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Siku tuliyomzika Mama, watu walipotawanyika, nilifungua simu. Kundi moja kubwa la Kampala lilikuwa limeisambaza ile makala, na haijawahi kusomwa na watu wengi kama ilivyosomwa siku ile. Mchango wangu wa jeneza pia ulitoka kwenye malipo ya tovuti hiyo hiyo. Sijui niliweke wapi jambo hili moyoni mwangu, kwa hiyo nakuambia tu.

Niliifuta makala, kisha nikaifunga tovuti yote. Haikusaidia. Wengine walikwisha kuinakili. Kuna aliyembadilisha mama wa Busia akawa mama wa Mbale, na picha ni ile ile. Nimewaandikia wote niliowapata, nikiwaeleza kwamba mtu amekufa. Mmoja tu ndiye aliyejibu. Aliuliza kama nina makala nyingine za kuuza.

Mwezi uliopita Naliaka alifunga nguo zake na za Sharlyne akaenda kwao Sigalame. Siku ya pili yake Mzee Zephaniah akatuma mtu niitwe. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Akaniuliza kama nina jambo, nami nikamweleza yote, tangu ile simu ya Jumanne. Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki tupu, ndipo akasema, "Mimi nimesikia. Sasa mwandikie Chrispine. Usimwache avunje nyumba yake juu ya uongo wako." Tangu siku hiyo ananisalimu nikifika, lakini haniulizi kitu. Hajanifukuza wala hajanisamehe, na mimi sijathubutu kumuuliza.

Hata baada ya kuambiwa hivyo nilikaa wiki tatu bila kuandika. Sitakuficha na hilo.

Jumapili iliyopita nilikwenda Sigalame. Naliaka alikuwa kwenye shamba la mama yake akipalilia. Nilipiga magoti pale kwenye matuta nikaanza kulia. Akasema, "Inuka, unanivunjia maharagwe. Machozi yako siyataki. Mwambie mume wangu." Hakupaza sauti. Amekonda, kaka. Nilipoaga aliniuliza jambo moja tu, kama nimesikia kutoka kwa Geoffrey iwapo ulihamishwa kutoka kile chumba chenye joto.

Tarehe 29 mwezi huu ukoo utakutana nyumbani kuhusu mipaka ya shamba. Nimemwomba Mzee anipe nafasi niseme mbele ya wote, shangazi Rispa akiwapo. Naiogopa siku hiyo kuliko nilivyoogopa kukuandikia. Lakini nitasema, hata wakiniambia nisikanyage tena pale.

Sikuombi msamaha kwa barua hii. Mama alikuzaa wewe, mimi alinilea tu, na nimekunyang'anya.

Mzee Zephaniah anakusalimu, na anasema usikose kula vizuri. Oundo anakusalimu. Geoffrey atakuletea mwenyewe habari za ng'ombe aliyezaa. Sharlyne anakusalimu sana; alichora nyumba na kuandika jina lako juu yake, na karatasi yake nimeikunja ndani ya bahasha hii. Mungu akulinde katika nchi ya watu, na akupe nguvu ya kuyabeba haya ambayo mimi nimekutwisha.

Ukimaliza kusoma usinipigie mimi. Nina mengi ya kusikia kutoka kwako, nami nitayasikia siku utakayotaka. Mpigie Naliaka. Namba yake ni ile ile, na mchana huwa anabeba simu mpaka shambani.

Ni mimi dada yako akupendaye, hata ukichagua kutonijibu,

Nanjala