Sauti ya Bawabu

Kwa kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na za kwanza kabisa ziende kooni kwako. Natumaini barua hii inakukuta unakula vizuri, unalala vizuri, na hujagombana na daktari. Mimi ni mzima, ila miguu haitulii. Nimeanza kuandika nimekaa kwenye ngazi za studio, nikahamia chumba cha chai, na sasa nimesimama koridoni, karatasi nimeiweka juu ya boksi la nyaya. Wifi hajambo? Watoto je? Waambie shangazi yao anawasalimu, na yule mdogo aache kunitumia picha za paka saa za kazi.

Najua unashangaa kupata barua ya karatasi. Simu zangu hupokei, na ujumbe wangu unaujibu kwa kapicha ka kidole gumba, kama bosi. Wifi kanieleza yote: uvimbe kwenye nyuzi za sauti, upasuaji Jumanne ijayo, na kwamba daktari kasema sauti inaweza kurudi, inaweza kurudi nyingine, na inaweza isirudi kabisa. Kanieleza pia kuwa daktari hajakukataza kuzungumza kwa upole. Umejifunga mdomo mwenyewe, tangu siku sauti ilipokukatika ukiwa unanadi makabati mnadani na wanunuzi wakacheka. Na wifi alipokuuliza kama unaogopa, ulimwandikia kwenye kipande cha bahasha kuwa sauti yenyewe ni ya mbuzi, ikienda na iende, hakuna atakayeikumbuka.

Hilo la mwisho ndilo lililoninyima raha wiki nzima. Nitalifikia. Niache kwanza nipumue kwa kukupa habari za kazini, maana zinamhusu rafiki yetu wa zamani.

Bawabu katengenezewa filamu. Ndiyo, Bawabu wetu wa vitabu vya katuni, mwenye koti la kaki na uwezo wa kufungua mlango wowote duniani mradi abishe hodi kwanza na aitikiwe. Filamu imeletwa kwetu tuitie sauti za Kiswahili, na mkurugenzi kanikabidhi mimi maneno yote. Kazi yangu unaijua. Natazama midomo ya mtu anayesema lugha yake, natafuta Kiswahili kitakachoisha pale mdomo wake unapoishia, na midomo ikigusana kwa sababu ya «m» au «b», natafuta neno litakalogusanisha midomo palepale. Yeye anasema kineno kimoja, Kiswahili chetu kinataka safari nzima. Huwa naipenda hiyo kazi. Safari hii nimeifanya huku nasonya.

Kaka, wamemharibu! Dakika ya kwanza tu, Bawabu anavunja mlango kwa teke. Kwa teke! Mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kuingia mahali bila hodi, hata kwenye pango la majambazi. Koti la kaki limetupwa, wamemvalisha mpira mweusi wenye misuli iliyochongwa kifuani, akikaa unalia. Kofia yake ya kuficha uso anaivua kila baada ya muda mfupi, kwa sababu mwigizaji kalipwa kwa ajili ya sura yake na lazima sura ionekane. Bibi Kufuli, yule adui aliyekuwa anatutia baridi mgongoni kwa sababu hakuna aliyejua anataka nini, sasa kumbe ni mchumba wake wa zamani. Na lazima tuelezwe uwezo ulitoka wapi. Umetoka kwenye maabara. Siku hizi kila shujaa katoka maabara, utadhani mashujaa ni dawa za mswaki. Mwishoni mbingu inapasuka, majengo yanaporomoka nusu saa nzima, na kila mtu anapokaribia kuhuzunika anatokea mwingine anatia mzaha, eti tusije tukachoka.

Sisemi filamu zote za namna hii ni takataka. Zipo zilizobadilisha kila kitu na bado nilizipenda, na zipo zilizofuata kitabu mstari kwa mstari zikanilaza usingizi. Nilichokuwa nikiwaambia wenzangu hapa ni hiki: kwenye kitabu, kati ya picha na picha kuna nafasi nyeupe. Picha hii Bawabu kainua mkono, ile inayofuata mlango uko wazi. Mlango ulifunguka wapi? Kwenye ile nafasi nyeupe, na aliyeufungua ni msomaji. Filamu inaijaza nafasi yote kwa moshi na ngoma, msomaji anabaki kula bisi. Mkurugenzi alinisikiliza akiwa ameshika tama, halafu akasema nimesema vizuri sana, sasa nirudi kwenye midomo.

Basi akaletwa wa kumtia Bawabu sauti. Ni yule bwana wa matangazo ya magodoro, sisi tunamwita Bwana Godoro, na mwenyewe hakasiriki. Ana sauti nzito, inatetemesha hata vikombe. Ni mtu mwema, anakuja kwa wakati, na mistari yake anaijua. Lakini kila alipofungua mdomo nilipandwa na presha. Nikamwambia mkurugenzi kwamba Bawabu hasemi hivyo. Bawabu anasema haraka, kwa sauti nyembamba inayopitia puani kidogo, na anavuta pumzi mahali asipopaswa, katikati ya neno, kama mtu aliyepanda ngazi mbio. Nikamwambia nimekisoma kitabu hicho tangu sijaota meno ya ukubwani, asinifundishe. Mkurugenzi akasema atafikiria, maana yake hatafikiria.

Kisha tukafika mwisho wa filamu, na hapo ndipo nilipojichongea. Hadithi waliyoichukua ni ile ya mji uliofungwa. Unaikumbuka, najua unaikumbuka: Bibi Kufuli anafunga milango yote ya mji, Bawabu anazunguka akiifungua mmoja mmoja, mpaka unabaki mlango wa nyumba ya mama yake mwenyewe. Anabisha. Hakuna jibu. Kwenye filamu anasubiri kidogo, anageuka, anaondoka zake mvua ikinyesha, basi. Nikavua vipokea sauti nikavitupa mezani. Nikasema huu sasa ni wizi wa mchana, kwamba kwenye kitabu Bawabu anakaa kizingitini mpaka asubuhi, na mama yake anafungua, kavaa khanga ya kulalia, anamwuliza kwa nini hajala. Nikasema hata mtoto mdogo anajua hilo. Nikasema maneno mengine ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa sababu wifi naye ataisoma barua hii.

Mkurugenzi hakubishana. Alifungua kabati, akatoa kitabu kikubwa chenye matoleo yote ya Bawabu yaliyopigwa chapa upya, ambacho wenye filamu walikituma pamoja na kazi. Akanifungulia kurasa za mwisho za mji uliofungwa. Bawabu anabisha, hakuna jibu, anaondoka. Mvua inanyesha. Hakuna khanga, hakuna asubuhi, hakuna swali la kula. Nikazigeuza zile kurasa mbele na nyuma kama niliyepoteza ufunguo. Wenzangu wakawa wananitazama kwa huruma, na huruma ya wafanyakazi wenzako ni kitu kibaya sana.

Nikaomba ruhusa nikatoka, nikatembea kwenye lile eneo la kuegesha magari mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepoteza gari. Sina gari. Nilikuwa namtafuta mjomba kichwani. Mjomba ndiye aliyekuwa akituletea vile vitabu, abiria walivyovisahau kwenye basi lake, na vyote vilikuwa vimechanika. Kingine hakina jalada, kingine kimekatwa vipande vya kufutia kioo. Kile cha mji uliofungwa kilikuja hakina kurasa za mwisho, sivyo? Mimi sikujua kusoma. Nilikuwa nimejilaza kifudifudi chini ya meza, wewe umekaa umenikunjulia kitabu, kidole chako kinatembea juu ya picha. Ukafika pale kurasa zilipoishia, na hukusimama. Uliendelea kama vile zipo.

Halafu nikakumbuka ilikuwa lini. Ilikuwa ule mwaka mama alipolazwa, na hakuna mtu mzima aliyetaka kutuambia kama atarudi. Nilikuwa nauliza kila mtu, wote wakawa wananipa biskuti. Wewe hukunipa biskuti. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, hata wewe hukujua kama atarudi, na ulimfanya yule mama afungue mlango. Kaka, nimeishi na mwisho huo maisha yangu yote nikidhani uliandikwa na mtu mzima aliyejua.

Nilirudi ndani nikiwa nimenywea. Siku iliyofuata Bwana Godoro alichelewa kwa daktari wa meno, na ili kazi isilale, fundi mitambo akaniambia nirekodi mimi sauti ya mfano, ile ya kumwonyesha mwigizaji neno linaanzia wapi na kuishia wapi. Nikarekodi ukurasa mzima. Nilipotoka kwenye kibanda cha kurekodia, fundi akaniuliza ninamwigiza nani. Nikamjibu simwigizi mtu, ndivyo Bawabu anavyosema kwenye kitabu. Akanitazama kwa upole, akasema kwenye kitabu hakuna sauti, dada, ni karatasi. Halafu akanichezea nilichorekodi.

Ulikuwa wewe. Pua yako, haraka yako, pumzi yako inayokatika katikati ya neno. Nilikuwa nimeivaa sauti yako ya utotoni bila kujua, kama mtu anayetoka nyumbani na viatu vya mwenzake. Nikaegemea ukuta nikalia mbele ya fundi, naye maskini akajifanya anafuta vumbi kwenye vitufe.

Sasa nimelifikia lile nililoogopa kulianza. Miaka yote hii nimegombana na filamu za mashujaa. Nimeandika magazetini, nimetoka kwenye kumbi za sinema kabla taa hazijawashwa, nimemwambia kila aliyenisikiliza kwamba mimi natetea kitabu. Si kweli. Makoti, kofia, milango iliyopigwa mateke, yote hayo bado naona ni makosa na nitabishana mpaka nizeeke. Lakini kilichokuwa kinaniuma kila mara hakikuwa hicho. Kilichoniuma ni kwamba taa zinazimwa, shujaa anafungua mdomo, na si wewe. Kila shujaa niliyewahi kumsoma, hata nilipojua kusoma mwenyewe, hata vile vitabu nilivyonunua nikiwa na mshahara wangu, alisema kwa sauti yako. Kwa hiyo usimwandikie wifi kwenye bahasha kuwa hakuna atakayeikumbuka. Mimi sina nyingine ya kusomea.

Nilimwendea mkurugenzi nikamwomba akujaribu. Nilimchezea ule ujumbe wako wa sauti wa mwaka juzi, wa kuulizia vipimo vya pazia, nisamehe kwa hilo. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema ni sauti ya mtu mwenye haraka na mafua, haiwezi kumbeba shujaa wa filamu ya fedha nyingi namna hii. Zamani ningemwandalia hotuba. Safari hii nilimshukuru nikatoka, kwa sababu niligundua sikuwa naitaka kwa ajili ya filamu. Bwana Godoro atamaliza kazi yake, na watu wataipenda, na wana haki.

Ninachotaka ni hiki. Fundi kaniazima kinasa sauti kizuri, kidogo tu, kinaingia kwenye mkoba. Jumamosi asubuhi napanda basi nakuja. Nimeongea na wifi, na wifi kaongea na daktari, kasema saa moja ya kusoma taratibu na maji ya vuguvugu pembeni haina madhara. Nitakuja na kile kitabu kikubwa. Unisomee mji uliofungwa. Sauti ikikwaruza, ikwaruze. Ikikatika, tutangoja. Wanaokucheka hawatakuwepo, tutakuwa mimi na wewe, na wanao wakitaka wakae chini wasikilize.

Na ukifika kurasa za mwisho, zile usizowahi kuziona, nitaziziba kwa mkono. Sitaki za kwao. Niambie tena namna mama alivyofungua.

Msalimie sana wifi, mwambie asihangaike kuniandalia chumba, nitalala na watoto. Wape mikono majirani wanaonikumbuka. Usinijibu kwa kidole gumba.

Ni mimi mdogo wako, ninayekungojea kwa moyo wote,

Kiroboto