Uso wa Thureya

Ndia Kuu,
Mji wa Kale,
Mombasa.
9 Februari 2025

Mpendwa Dada Mahfudha,

Assalaam alaykum. Waambaje huko kwenye baridi ya Rotterdam? Shemeji Taib mgongo wake umepoa? Sisi huku alhamdulillahi. Mama hajambo, sukari imeteremka, ila haluwa hataki kuiacha na akikatazwa hununa siku nzima.

Salamu zimetosha, dada, maana nina moto kifuani.

Uliponiambia kuwa ile studio ya picha ya huko imenikubali kazi, nililia kwa furaha. Wajua tangu uliponishikisha kamera yako, nikiwa bado msichana wa chuoni, sikutamani kazi nyingine. Nimepiga harusi za mji huu mpaka macho yakauma, na sina picha ya kumwonyesha mtu, kwa kuwa kazi yangu yote ni ya ndani kwa wanawake. Nikasema, hatimaye Mungu amefungua.

Jumatano akaja Bi Shamsa. Hata kahawa hakuitaka. Akanitolea simu, na ndani yake mwanawe Thureya, siku ya kupamba kwake mbele ya wanawake watupu, juu ya jukwaa, kichwa wazi na mabega nje, kwenye ukurasa wa mtandaoni wa hiyo studio yenu. Jina langu chini. Akaniambia, "Swafiya, mimi nilikufungulia mlango wangu." Akaondoka. Mumewe Thureya naye ameshaiona, na nyumba ile sasa haina raha.

Dada, picha ile nilikutumia wewe, mwanamke mwenzangu, uniangalizie taa. Basi! Nani alikwambia uwape studio? Ungekuwa Mzungu ningekusamehe. Lakini ni wewe uliyenifundisha kuwa kwenye kupamba wageni huacha simu zao mlangoni, na kamera yetu ndiyo pekee iingiayo, kwa kuwa twaaminika. Ama ulidhani ya Ulaya hayafiki Mombasa? Lo! Yalifika kabla yako kuniambia.

Ijumaa nilikuwa na harusi kwenye ukumbi mmoja karibu na Mwembe Tayari. Nikazuiwa mlangoni, kamera begani. Mwende, mwenzangu wa kazi, akaruhusiwa. Nikampa lenzi zangu, akapiga yeye, nami nikakaa kwenye ngazi pamoja na viatu vya watu nikisikiliza vigelegele. Tangu Shaaban iandame, harusi zikikimbizana kabla ya Ramadhani, simu yangu ilikuwa hailali, sasa kimya.

Nawe kwenye simu waniambia eti nitulie, hiyo ndiyo picha iliyonipatia kazi, ikitoka nayo nafasi itatoka. Nimekasirika mno, ndiyo sababu naandika. Kuja nataka, wallahi nataka, nimeshaota mpaka hiyo mitaa yenu. Lakini nije nikafanye kazi chini ya uso wa mtoto wa watu, na mamake huku hainui kichwa msikitini?

Basi jana nimewaandikia studio mwenyewe, kwa Kiingereza changu cha kuombea maji. Nimewaambia picha ile waiondoe leo, kwamba bibi harusi mwenyewe hakuridhia. Na wakiona bila hiyo hawanihitaji, nafasi wampe mwingine. Asubuhi hii nimetazama, imeondolewa. Kuhusu kazi hawakusema neno.

Nimelia, sikufichi. Nimelia kuliko siku ile ya furaha.

Lako wewe limebaki moja. Mpigie Bi Shamsa, umwombe radhi kwa mdomo wako, si kupitia kwangu. Mimi nilikwenda kwake nikamshika mikono, akanisikiliza. Aliniuliza jambo moja tu: "Na Mahfudha, mbona kanyamaza?"

Mama akusalimu sana, na haya yote hayajui, usimwambie. Msalimie Shemeji Taib na watoto. Mola awahifadhi ugenini na akulainishie moyo.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,
Swafiya