Mama Yako Anataka Picha Yako

Hamisi, ndugu yangu,

Mama yako amepiga tena leo, mie niko juu ya mirunda napiga plasta huku Mbweni. Anataka picha yako. Ile ya kitambulisho haitaki, anasema umetoka kama mtu aliyekamatwa. Jicho lake moja limeshafunga, la pili linaingia ukungu. "Nataka nimwone mwanangu kabla giza halijanikuta." Nikamwambia mtandao unasumbua.

Wewe mtu wewe! Umepiga picha ndege wote kuanzia hapa mpaka Masasi. Mwenyewe umo wapi?

Jumapili nzima nilikaa na kamera yako chumbani, nikapitia moja moja. Ndege chozi anafyonza ua. Mnana anasuka kiota. Na yale maua ya porini ambayo majina yake hatukuyajua wote wawili, ukawa unayaita kama watu, "yule mpole", "yule mwenye hasira". Nikafika zile za safari ya nyumbani, basi liliposimama tuchimbe dawa. Abiria wote wanatafuta kichaka, wewe unatafuta ua. Yule mama akakufokea, "We kaka, kamera ya nini huku? Huna adabu!" Ukamwonyesha ndege kwenye kioo, akasahau kilichomshusha. Kondakta anapiga kelele, "Mpiga picha, tunakuacha!"

Nilicheka peke yangu. Halafu nikalia. Tangu homa ile ikuchukue nilikuwa sijalia.

Uso wako haumo, Hamisi. Mkono ndio umo. Flashi hukuitaka, ulisema jua linatosha, lakini upepo ulikusumbua. Basi ukawa unashika shina kwa mkono wa kushoto, ua litulie, unabonyeza kwa wa kulia. Nilikuwa siuoni mkono huo. Sasa naona huo tu. Umepasuka kwa saruji, na kidole gumba kina lile kovu la mundu, ambalo mama yako alilifunga kwa kipande cha kanga ukiwa mdogo.

Lakini mtu anaomba uso wa mwanawe, nimpelekee kidole? Nalala na swali hilo, naamka nalo.

Huku mambo yamebadilika. Kile kiwanja nyuma ya saiti, ulichokuwa unakiwahi jua likiwa bado chini, wamekijengea ukuta. Maua yako chini ya kifusi. Mafundi wananiambia, "Braza, uza hiyo kamera, marehemu hapigi tena."

Nimepeleka picha moja yenye mkono ule studio, pale Kinondoni, waisafishe kubwa kama sinia. Ijumaa napanda basi. Msimamizi kasema nikiondoka nafasi yangu anampa mwingine. Ampe. Nimechoka, na kazi ya kubeba zege haikosekani mjini.

Nitamwambia mama kabla hajaishika: uso nimeutafuta, sikuupata. Akinikasirikia ana haki. Nitamkalisha uani asubuhi, kukiwa kumekucha vizuri, nimpe mikononi. Jicho lake likikutambua, nitamshukuru Mungu. Lisipokutambua, nitakaa naye hivyo hivyo, mpaka yeye mwenyewe aniambie niende.

Hilo nakuahidi. Pumzika, ndugu yangu.

Mimi, Saidi