Bibi na Jezi ya Jirani

Mwenzangu, uko? Nimekwisha. Nimemponza bibi.

Si unajua timu ya taifa ya nchi jirani inanitaka, mradi uhamiaji wa hapa wathibitishe bibi yangu alizaliwa kule? Leo nikampeleka mwenyewe, kavaa gauni lake la harusini, akaeleze.

Afisa mpole kabisa. "Mama, ulizaliwa wapi?" Bibi akataja kijiji, mto, mpaka jina la mkunga. Mimi nachekelea kama zuzu!

Akaomba kitambulisho chake. Akakisoma mara mbili. "Mbona hapa imeandikwa ulizaliwa huku?"

Bibi akanigeukia mimi.

"Kwa hiyo wewe si raia wetu, mama."

SI RAIA! Kazaa hapa, kazika mume hapa, hakosi kupiga kura! Kitambulisho kikatiwa kwenye droo, droo ikafungwa, naangalia tu. Na ni mimi niliyemwambia, bibi, sema kila kitu, usiogope.

Sasa tuko kwenye benchi nje, wanamwandikia sijui nini. Hajalia. Ameniuliza tu kama jezi yao ina mikono mirefu. "Asubuhi kwetu kuna baridi, mjukuu wangu."

Nikamwambia, bibi, nakuomba, hapa usiseme kwetu.