Mzee William Maganga, Aliyetupaka Grisi Sote

Kwa heshima, taadhima na moyo uliopondeka, ukoo mzima wa Maganga, kuanzia Masumbwe hadi Kalangalala, unautangazia umma wa Tanzania na nchi jirani kwamba mwaka umetimia, Babu, tangu ututoke. Umma wenyewe ulishajua. Mama anayeuza nyanya pale mlangoni ndiye aliyetukumbusha tarehe.

Wanaosema ulifia chini ya gari wanakosea. Ulifia kitandani, ukiwa umeoga, huku kucha zako zikiwa bado na weusi wa grisi. Mkeo, Bibi Epifania, aliusugua kwa limau mpaka akachoka, kisha akasema, "Mwacheni hivyo hivyo. Mtakatifu Petro atamtambua."

Tunakumbuka upole wako. Hukuwahi kuitikia "marahaba" kwa haraka. Uliipokea shikamoo ya mtoto kama mtu aliyeletewa sahani ya wali. Pikapu yako ya kijani, iliyomzidi umri binti yako Martina, ilibeba mpunga, maharusi na wagonjwa, na aliyepanda ulimuuliza swali moja tu: "Ukikalia gunia, mgongo utastahimili?"

Zaidi ya yote tunaikumbuka Jumamosi yako. Uliweka mawe nyuma ya magurudumu, ukanyanyua mbele kwa jeki, ukaweka magogo ya kushikilia, ukatandika gunia na kupotea chini ya gari hadi magotini. Mjukuu wako Elieth, mtoto wa Martina, msichana mwenye akili nyingi na sura njema, alikuwa akichuchumaa pembeni kutazama miguu yako. Alitaka kujua mtu mzima anafanya nini huko kwa muda wote huo.

Ukamwonyesha. Kila kiungo cha usukani na cha magurudumu ya mbele kina kichuchu chake cha kupitishia grisi (Bibi ameomba neno hilo lisichapwe kwa herufi kubwa). Kwanza unakifuta kwa tambara, maana ukipiga pampu juu ya vumbi la barabara zetu, unausindilia mchanga ndani ya kiungo. Kisha unapiga taratibu, mpaka grisi ya zamani itoke nyeusi na mpya ichungulie kwenye ukingo wa mpira. Hapo unaacha.

"Ukizidisha, mpira unapasuka, mke mdogo," ulimwambia Elieth. "Kama mtoto anayelishwa na bibi wawili."

"Na hayo majina unayoyataja, Babu?"

Maana hilo ndilo lililomnyima raha. Kila kiungo ulikuwa umekipa jina la mmoja wetu. Mbele kulikuwa na mwanao mkubwa, Telesphori, upande mmoja, na Martina upande wa pili. Fimbo ndefu inayoyageuza magurudumu yote mawili iliitwa Epifania, na hukueleza kwa nini, wala hapakuwa na haja.

"Namba nilikuwa nazisahau," ulijibu. "Watoto siwezi kuwasahau. Wanakula."

Shida ni kwamba ulikuwa na sauti ya kuitia ng'ombe, na Bibi alikaa barazani akichambua choroko. Ulipolalamika huko chini, "Martina amekauka huyu!" basi jioni ile ile Mama Martina, yaani Martina mwenyewe, anayepikia wachimbaji kule Bulyanhulu, alitumiwa debe la unga na kuku. Siku uliyopiga kelele, "Telesifoli anacheza! Anacheza sana!" Bibi alijifunga kitenge, akasafiri hadi Kalangalala, akamkalisha Mjomba Telesphori mbele ya mkewe na kumuuliza anacheza na nani. Mjomba aliapa kwa watakatifu wote aliowajua na wawili aliowabuni. Wewe ulikuwa unazungumzia kiungo kilicholegea.

Lakini hebu tuseme kweli: mara ngapi kuku huyo alifika siku ambayo sufuria la Mama Martina lilikuwa tupu? Ukoo ukaamini kwamba una kipawa. Wewe ulicheka tu, ukafuta mikono.

Ulipoondoka, pikapu ilisimama. Siku ya kuanua matanga Mjomba Telesphori aliizunguka, akapiga teke gurudumu na kusema, "Hiki sasa ni chuma chakavu, cha kupimwa kilo."

"Basi tangulia wewe kwenye mizani, kaka," akajibu Mama Martina.

"Unataka tukitazame tu?"

"Nataka ukiache. Baba hajapoa, wewe unatafuta mteja."

Hawakusemezana tena. Mjomba akabaki Kalangalala, dada yake akabaki Bulyanhulu, na Bibi akatangaza kwamba misa ya mwaka haitakuwepo. "Sitamwombea baba yenu nikiwa katikati ya watu wawili wanaotazama ukuta. Mkikaa benchi moja, niiteni. Msipokaa, William atanisubiri." Babu, ulikaribia kuikosa misa yako kwa sababu ya vyuma.

Hali ilikuwa hivyo Elieth aliporudi kutoka shule ya bweni kwa likizo. Mama Martina naye alikuwa amekuja kumsaidia Bibi kumenya viazi vya kukausha kuwa michembe. Elieth alilitandika gunia, akaweka mawe, jeki na magogo, akaingia. Alitaka kusikia ulichokuwa ukikisikia. Alifuta kichuchu, akapiga pampu, na grisi nyeusi ikatoka imekauka kama ugali wa jana, ikiwa na chembe za mchanga mwekundu. Ghafla akakukumbuka mno, Babu. Na kwa kuwa hajui kulia bila kwanza kufanya ujinga, akaiiga sauti yako:

"Aaa! Telesifoli amekauka! Amekauka kabisa, masikini!"

Barazani ungo ulianguka. Choroko alizokuwa akichambua Bibi zikamwagika.

"Martina, umesikia?" Bibi akauliza.

"Mama, huyo ni mtoto anacheza."

"Sijakuuliza ni nani. Nimekuuliza kama umesikia."

"Nimesikia."

"Kamata kuku. Chukua na michembe. Nenda kwa kaka yako."

Mama Martina alinung'unika hadi njia panda. Kalangalala alimkuta Mjomba peke yake, mkewe akiwa kwao kumuuguza mama yake. Homa imemlaza, midomo imekauka mpaka imepasuka, na hakuna aliyemchemshia hata maji. Alipofumbua macho akasema, "Umekuja kunipeleka kwenye mizani?" Mama Martina akamwambia anyamaze, anywe uji. Akakaa naye mpaka akaweza kula ugali, akambishia kila kitu alichosema, na aliporudi Masumbwe alirudi naye. Mjomba alipoiona pikapu aliuliza nani ataiendesha hadi Ushirombo kwenye misa. Habari ya kilo hatukuisikia tena.

Basi, tangazo hili lilikuwa liishie kwa kulisifu jambo hilo la ajabu, kwamba roho yako ingali inasema chini ya gari. Kwa bahati mbaya Bibi alitaka asomewe kwanza. Tulipofika hapa alinyanyua mkono.

"Nani ameandika kwamba Elieth ana sura njema?"

"Familia, Bibi."

"Mke mwenzangu, nitazame. Telesphori yuko gurudumu gani?"

"La kulia."

"La kulia ni mama yako. Siku ile miguu yako ilitokeza kulia. Aliyekuwa amekauka ni Martina. Ndiyo maana nikamtuma yeye."

"Kumbe ulijua ni vyuma? Siku zote?"

"Nimekaa na yule mzee tangu gari likiwa jipya, nisijue? Hata hiyo safari ya Kalangalala, nilikuwa nimewakumbuka tu. Nani asiyekauka, mwanangu? Anayetajwa anapelekewa. Haya, na Telesphori wa kushoto ulimpaka?"

Familia iliyoandika tangazo hili imebanwa, na inakiri kwamba familia hiyo ni mtu mmoja. Ni mimi, Babu. Sauti ilikuwa yangu. Na kushoto sijagusa, kwa sababu baada ya kupiga ile kelele nililia, nikashindwa kuona kichuchu. Misa ni Jumapili. Mjomba ndiye atakayeshika usukani, na Bibi amesimama mlangoni na pampu mkononi, ananisubiri nimalize sentensi hii.

Unakumbukwa na mkeo Epifania, wanao Telesphori na Martina, wakwe zako, majirani wote uliowabeba, na mimi mjukuu wako, mke mdogo, Elieth. Maadamu tunatajana, Babu, nawe utatajwa.