Kurasa Zilizoshonwa

Mdogo wangu wa pekee,

Huku hatujambo. Mama bado anashona, ila uzi namtungia mimi, macho yake yamechoka. Jina lako halitaji, lakini kitanda chako hataki kiguswe.

Jana binti yangu karudi na kazi ya shule. "Mama, mwalimu kasema tuwaulize wakubwa nyumbani walifundishwaje mambo ya mwili na uzazi." Anasema hivyo huku anamenya chungwa, wala haoni haya! Mimi nikababaika. Mama akadakia kutoka kwenye cherehani, "Andika kwamba bibi yako alizishona kurasa."

Unakumbuka? Kitabu chetu cha sayansi, sura ya uzazi, Mama aliipiga cherehani pande zote tatu kabla hatujakigusa. Tulicheka hadi machozi.

Binti akaniuliza, "Kwa hiyo hamkusoma?"

Nikajibu hatukusoma. Nilidanganya. Mimi nilizifumua, nikasoma zote, kisha nikazishona upya, tundu kwa tundu, Mama asijue. Wewe uliponiuliza mtoto anapatikanaje, nilikwambia utajua ukikua. Mwaka uliofuata Mama akakufukuza na mimba yako, nami nimesimama mlangoni, kimya.

Miaka kumi na sita sasa. Mwanao simjui hata sauti.

Leo nimezifumua tena kurasa zile, mbele ya Mama, nikamwambia yote. Alinyanyuka taratibu, akaenda kutandika kitanda chako.

Mito ameweka miwili.

Anayewasubiri,
Dada yako